Misheni za Muda Mfupi Kisumu na Kando ya Ziwa: Mwongozo kwa Makanisa Yanayopokea na Yanayotuma

Misheni ya muda mfupi ni huduma ya kanisa inayofanywa nje ya nchi kwa wiki moja au chache tu, na watu wasio wamisionari wa kudumu. Huwa ni wanafunzi walio likizoni, wauguzi waliochukua livu, walimu, mafundi na wastaafu. Husafiri kwa makundi, hujilipia nauli au huchangiwa na washirika wa kanisa lao, na kwa kawaida hufikia kwa kanisa mwenyeji. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zimepokea makundi mengi ya namna hii, hasa tangu miaka ambayo ukimwi uliacha mayatima wengi katika vijiji vya kando ya Ziwa Victoria.

Desturi hii ni changa. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na wamisionari walioingia eneo hili baada yake walikuja kukaa. Mapadri wa Mill Hill walifungua misheni Kisumu mwaka 1903. Mwaka 1906 Waanglikana wa CMS walianza kazi Maseno, na mwishoni mwa mwaka huohuo Waadventista wa Sabato wakatua Gendia, karibu na Kendu Bay. Kati ya waliotua Gendia alikuwamo Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Carscallen alikaa mpaka 1921, akajifunza Dholuo na kuandika sarufi yake. Makundi ya wiki mbili yalienea baadaye sana, safari za ndege ziliporahisika na mashirika kama Youth With A Mission, lililoanzishwa 1960, yalipowazoesha vijana kwenda ng'ambo kwa muda na kurudi shuleni.

Tofauti ya muda ndiyo inayoamua kila kitu kingine. Wiki mbili zinatosha kufundisha stadi moja, kusali pamoja, kufanya upasuaji uliopangwa au kukagua mradi. Hazitoshi kujifunza lugha, kumfuatilia mgonjwa wala kumlea mtoto. Kwa hiyo kazi ya kundi la muda mfupi huwa na maana pale tu inapokuwa sehemu ya kazi ambayo mwenyeji alikuwa akiifanya kabla ya wageni, na ataiendeleza wakishaondoka.

Kuitisha kazi

Kanisa mwenyeji ndilo linalopaswa kusema linahitaji nini, na liseme kabla ya tiketi kununuliwa. Kwa kweli, mara nyingi huwa kinyume. Barua hutoka ng'ambo ikisema kundi la watu kumi na wanane litafika Julai, na kamati huanza kutafuta kazi ya kuwapa. Wazee wa kanisa huona haya kukataa, maana mgeni ni baraka na huenda mkono wake una kitu. Matokeo yake ni ukuta wa darasa unaopakwa rangi tena, ingawa rangi ya mwaka uliotangulia bado ni nzima.

Kalenda nayo huleta matatizo. Wageni wengi kutoka Marekani na Ulaya husafiri Juni na Julai kwa sababu ni likizo yao. Kenya huo ni muhula wa pili. Shule ikisimamisha masomo siku tatu kwa ajili ya michezo na nyimbo za wageni, wanaopoteza ni watahiniwa. Mwenyeji ana haki ya kupendekeza Agosti au Desemba, au kuomba vipindi vya watoto viwe jioni na Jumamosi. Ujenzi usipangwe kati ya Machi na Mei, hasa Nyando na uwanda wa Kano, ambako mafuriko ya masika hukata barabara.

Kazi ya mikono inahitaji hesabu ya wazi. Nauli ya ndege ya mgeni mmoja kutoka Chicago inaweza kumlipa mwashi wa Kondele kwa miezi kadhaa, na mwashi huyo hupanga matofali kwa kasi ambayo mwanafunzi wa chuo hawezi kuifikia. Hiyo si sababu ya kuwazuia wageni kushika mwiko. Ni sababu ya kuwaweka chini ya fundi wa hapa, anayelipwa ujira wake kamili, na ambaye neno lake kwenye mjengo ndilo la mwisho. Kuta zilizojengwa mchana na wageni na kubomolewa usiku na mafundi ili zinyooshwe ni aibu inayofichwa kwa adabu tu.

Visima pia vimewaponza wengi. Pampu ya mkono hufanya kazi vizuri mpaka mpira wake wa ndani uchakae, na hapo ndipo hujulikana kama kuna kamati ya maji, mtunza hazina, akiba ya vipuri na mtu anayejua kuifungua. Katika mitaa kama Nyalenda na Manyatta, kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo huwa na maji machafu hata kikijengewa vizuri juu. Maji yapimwe kwanza.

Kambi za matibabu

Hapa ndipo faida inaweza kuwa kubwa, na madhara pia. Picha ya kambi inajulikana: mahema mawili chini ya mti kwenye uwanja wa kanisa, foleni tangu alfajiri, meza ya kupima presha, meza ya daktari na mkalimani, meza ya dawa. Mama mwenye umri mkubwa anaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba presha yake iko juu. Anapewa vidonge vya mwezi mmoja na kuombewa. Baada ya mwezi vidonge vimekwisha, hajui jina la dawa, na zahanati haina kumbukumbu yake. Presha na kisukari ni magonjwa ya maisha yote. Kuyaanzishia dawa bila mpango wa kuziendeleza ni kumpa mgonjwa matumaini ya mwezi.

Kambi nzuri hufanywa pamoja na zahanati au kituo cha afya cha karibu. Matokeo huandikwa katika daftari la kituo hicho, dawa zinazotolewa ni zile ambazo kituo huwa nazo, na walio mahututi hupewa barua ya rufaa na nauli ya kufika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wa Kisumu bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Wahamasishaji wa afya wa kijiji wawepo tangu siku ya kwanza, kwa sababu wao ndio watakaobisha hodi kwa mgonjwa wiki tatu baadaye. Kambi ni nafasi nzuri pia ya kuwasaidia wazee kujiandikisha katika SHA, mfumo wa bima uliochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Sheria haina msamaha kwa aliyekuja kwa imani. Daktari wa kigeni huhitaji leseni ya muda kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na kambi yenyewe huombewa idhini. Wauguzi wana baraza lao. Dawa za msaada huingia kwa ruhusa ya Bodi ya Dawa na Sumu, hata zikiwa ndani ya masanduku ya abiria. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja wa kutumika zinapowasili, na ziwe zimeombwa na anayezipokea. Mwanafunzi wa udaktari asiyeruhusiwa kushona kidonda kwao haruhusiwi kukishona Usenge.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2019 akina mama wawili walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Jinja, Uganda, dhidi ya mmisionari Mmarekani asiye na mafunzo ya udaktari na shirika lake lililowahudumia watoto wenye utapiamlo. Kesi iliisha kwa mapatano mwaka 2020, bila upande ulioshtakiwa kukiri kosa. Makanisa yanayopokea wahudumu wa afya yamepata somo lake pale: vyeti huombwa mapema, na havionewi haya.

Watoto

Ukimwi ulipopunguza nguvu za koo, vituo vya watoto viliongezeka, na wageni wakavizoea. Sera ya Kenya imegeuka. Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwa jamaa au familia za malezi, na Sheria ya Watoto ya 2022 inayataja makao kuwa kimbilio la mwisho. Wengi wa watoto wa vituoni wana mzazi au nyanya aliye hai, ila hawezi karo. Kundi linalotaka kusaidia yatima litafanya zaidi kwa kumlipia nyanya karo ya wajukuu wake kupitia kanisa kuliko kwa kujenga bweni. Mtoto anayebebwa na mgeni mpya kila wiki mbili, kisha kuachwa, huumia. Hilo halihitaji mtaalamu kulieleza.

Ulinzi wa mtoto ni jambo la kanuni, si la kuaminiana. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimhukumu kijana wa Oklahoma kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhulumu watoto wa kituo cha Nairobi alikokuwa akijitolea. Kila mgeni alete cheti cha tabia njema kutoka kwao. Mtu mzima mmoja asibaki peke yake na mtoto, wageni wasilale bweni moja na watoto, na picha ya mtoto isitolewe mtandaoni bila idhini ya mlezi.

Afya ya wageni na hati zao

Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi zaidi Kenya. Mgeni aanze dawa ya kinga kabla ya kusafiri, alale ndani ya neti na apimwe mara homa inapoanza, hata akiwa amesharudi kwao. Kichocho cha tumbo kipo ufuoni, kwa hiyo ubatizo ziwani una gharama ambayo wachungaji huisahau: wageni walioingia majini wapimwe baada ya wiki sita hadi nane. Kwenye maboti ya kwenda Mfangano na visiwa vingine, kila abiria avae jaketi la kuokolea, na nahodha asiye nayo akataliwe.

Tangu Januari 2024 wageni wengi huingia Kenya kwa idhini ya kielektroniki badala ya viza. Idhini hiyo ni ya ziara. Anayekuja kufanya kazi, hata isiyo na malipo, aulizie kibali maalumu katika Idara ya Uhamiaji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, na mgeni aambiwe kabla ya kufunga sanduku.

Wanaotumwa kutoka Kisumu

Makanisa ya Kisumu nayo hutuma kwaya, wainjilisti na wauguzi Uganda, mkoa wa Mara nchini Tanzania na Sudan Kusini. Yote yaliyotajwa yanawahusu wao pia, pamoja na kishawishi cha kudhani kwamba Mwafrika hahitaji kujifunza desturi za Mwafrika mwenzake. Kwenda Uganda na Rwanda kitambulisho cha taifa kinatosha tangu 2014. Sudan Kusini pasipoti huhitajika, na chanjo ya homa ya manjano ichanjwe angalau siku kumi kabla ya safari.

Pesa na malalamiko

Michango yote ipitie akaunti ya kanisa yenye watia saini wasiopungua wawili, na taarifa isomwe mbele ya washirika, pamoja na kiasi kilichotumika kwa hoteli na magari ya wageni. Ahadi za mgeni mmoja mmoja kwa familia, kama karo au simu, zipelekwe kwanza kwa kamati. Baada ya miezi sita, mwenyeji aandike kilichobaki na kilichokufa, na nakala iende kwa waliotuma kundi.

Shaka yoyote kuhusu usalama wa mtoto iripotiwe kwa simu 116, ambayo ni ya bure na hupokelewa usiku na mchana. Malalamiko ya matibabu yapelekwe kwa baraza linalomsimamia mhudumu husika, hata kama kundi limeshaondoka nchini.