Begi Chini ya Kitanda: Tusome Yeremia 29 Tukiwa Mbagala



Vijana wenzangu wapendwa, somo letu la wiki hii ni Yeremia sura ya 28 na ya 29. Naomba uzisome zote mbili, usiruke ile ya kwanza, maana ya pili bila ya kwanza inakuwa tamu kupita kiasi. Lakini kabla hatujafungua Biblia, acha niwaambie habari za begi langu.

Nilishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis mwezi wa pili mwaka 2022, nikitokea Mbinga. Ilikuwa usiku, na joto lilikuwa kama mtu anakupumulia usoni. Nilikuwa na kiroba cha maharage, begi la nguo, na ndani ya begi bahasha ya kaki yenye barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wetu. Barua ilisema nimebatizwa, nimepokea Komunyo na Kipaimara, ni mwanakwaya na ni mwanajumuiya hai, hivyo popote nitakapofika nipokelewe. Chini kulikuwa na sahihi na muhuri. Mama aliniambia, "Jumapili ya kwanza tu, uipeleke." Nikamjibu, "Sawa mama."

Barua ile ilikaa kwenye begi, chini ya kitanda, miezi kumi na minne.

Usidhani niliacha imani. Hapana. Mimi nilikuwa napita tu. Hesabu yangu ilikuwa miaka miwili: nifanye kazi kwenye duka la vitenge Kariakoo, nipate mtaji, nirudi Mbinga nifungue duka langu. Sasa mtu anayepita anajiandikisha wapi? Nilipanga chumba Mbagala, nyumba ya vyumba vinane, choo kimoja, LUKU moja ambayo kila ikiisha tunaanza kuulizana nani ana friji. Maji ya kisima ni ya chumvi, sabuni haitoi povu. Nilinunua sahani moja na kikombe kimoja. Cha pili cha nini wakati naondoka?

Ratiba yangu ilikuwa moja. Saa kumi na moja alfajiri niko Rangi Tatu nagombania daladala (wanaopajua wanajua, kuna watu wanaingilia dirishani na hawaoni haya), saa mbili usiku narudi. Siku sita. Jumapili za mwanzo nilikwenda Misa, nakaa benchi la nyuma, nikishapokea Komunyo natoka. Baadaye nikaanza kulala. Na niseme ukweli, mwanzoni nilifurahia. Kule kwetu ukikosa Misa Jumapili moja, Jumatatu wanakuja watu watatu kuuliza kama unaumwa. Huku hakuna aliyeuliza. Nilijiona huru kweli.

Siko peke yangu katika hili. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka katika miaka kumi. Wengine wamezaliwa hapa hapa, lakini wengi wetu tumeshuka na mabegi. Rafiki yangu mmoja katoka Bukoba, yuko Kinondoni, Tandale huko. Nilipomuuliza parokia yake ni ipi akanitajia ya Bukoba. Yuko mjini mwaka wa sita.

Sasa tufungue Biblia.

Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza mfalme wa Babeli aliwachukua mfalme Yekonia, wakubwa wa Yerusalemu, mafundi na wahunzi, akawapeleka mbali. Swali la kila mmoja lilikuwa: tunarudi lini? Katika sura ya 28 anasimama nabii mmoja anaitwa Hanania. Anasema mbele ya makuhani na watu wote kwamba ni miaka miwili tu, kila kitu kinarudi, vyombo vya Hekalu na watu wote. Tena anaichukua nira ya mti aliyokuwa ameivaa Yeremia shingoni na kuivunja hadharani. Fikiria watu walivyoshangilia! Miaka miwili mtu anavumilia, analala hata juu ya begi.

Niliposoma pale "miaka miwili" nilishtuka. Hanania alikuwa amekaa kichwani mwangu tangu stendi.

Yeremia alikuwa na neno lingine, na alilituma kwa barua. Angalia 29:3 jinsi ilivyosafiri: ilibebwa mkononi na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Ndani yake hakuna miaka miwili, kuna sabini. Na maagizo yake ni ya kawaida sana, hayafanani na unabii. Jengeni nyumba mkae. Pandeni bustani mle mazao yake. Oeni, ozesheni, mpate wajukuu. Halafu inakuja ile ya 29:7 ambayo nadhani iliwachoma: utafuteni usitawi wa mji huohuo mliopelekwa, muuombee kwa Bwana, kwa kuwa ukiwa na amani ndipo nanyi mtakapokuwa na amani. Kuiombea Babeli! Mji uliowatoa kwao.

Na ile 29:11 tunayoipenda, Mungu kuwa na mawazo mema juu yetu na kutupa tumaini la siku zijazo, ambayo wengi tumeiweka WhatsApp siku ya usaili wa kazi, imekaa baada ya ile sabini. Waliosomewa barua wakiwa watu wazima walijua hesabu: sisi hatutarudi. Tumaini lao lilikuwa lipite kwanza kwenye bustani na wajukuu wa ugenini.

Mimi haya niliyajua toka mafundisho ya Kipaimara. Kilichonifanya niyasome upya ni jirani yangu.

Alikuwa kijana wa chumba cha mwisho, fundi wa kupaka rangi. Tulimwita Fundi. "Mambo dada." "Poa Fundi." Mwaka mzima mazungumzo yetu yalikuwa hayo. Aprili 2023, wiki moja baada ya Pasaka, akashikwa na homa. Siku ya tatu wapangaji wanaume wakampakia kwenye bajaji hadi hospitali. Kabla ya alfajiri akafariki.

Mjumbe akaja na daftari akauliza jina kamili. Tukaangaliana. Hakuna aliyelijua. Simu yake ilikuwepo lakini imefungwa kwa namba ya siri, kwa hiyo hatukuweza kumpigia mtu yeyote. Tukakaa barazani tunaisubiri ilie yenyewe. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, na kwenye msumari karibu na kitanda ilining'inia rozari. Ndipo nikajua kumbe ni Mkatoliki. Jumapili asubuhi tulikuwa tunapishana mlangoni, mimi na ndoo ya kufulia, yeye na brashi zake, kila mmoja akidhani mwenzake hahusiki.

Saa nne simu ikalia. Kwenye kioo imeandikwa "Mama". Aliyeipokea ni mama mwenye nyumba. Sitaandika yaliyosemwa.

Mama mwenye nyumba ni Mwislamu, na Ramadhani ilikuwa haijaisha, amefunga. Ndiye aliyeniambia, "Wenzenu wale wanaosali Jumamosi alfajiri si wako nyumba ile ya mwembe? Nenda kawaite." Nyumba ya nne kutoka kwetu! Mimi sikuijua, yeye anaijua. Mwenyekiti wa jumuiya akaja, mama wa makamo, akauliza swali moja: "Marehemu alikuwa jumuiya gani?" Kimya. Hakuongeza neno. Jioni alirudi na kina mama sita, wakasali rozari na kuimba pale uani, na wapangaji walipomaliza kufuturu wakakaa nao. Michango ya kusafirisha mwili ilikusanywa kwenye sinia moja, ya vyumba vyote na ya jumuiya.

Usiku ule mama yake Fundi alipiga tena. Padre wa kijijini kwao alikuwa ameomba barua kutoka jumuiya aliyokuwa akisali mwanae huku Dar. Haikuwepo. Mwenyekiti alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akachukua kalamu, akaandika alichoweza kukiandika bila kusema uongo: kwamba usiku wa tarehe fulani, wao wanajumuiya wa mtaa huu walimwombea kijana huyu, na kwamba rozari ilikutwa chumbani mwake. Akasaini. Nadhani ndiyo barua ngumu kuliko zote nilizowahi kuona ikiandikwa.

Alipomaliza akanigeukia. "Na wewe binti, jumuiya yako ipi?"

Nikasema, "Mama, mimi napita tu."

"Unapita tangu lini?"

"Miezi kumi na minne."

Hakucheka wala hakunigombeza. Alisema tu, "Haya," akavaa kandambili zake.

Najua wapo watakaosema jumuiya ni michango tu, leo ujenzi, kesho harambee, keshokutwa sare. Michango ipo, sikatai, na kuna siku nami nanuna. Lakini tusisahau jambo hili limetoka wapi. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, katika miaka ya 1970 waliamua jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa kazi ya uchungaji, Kanisa la watu wanaojuana kwa majina. Parokia za mjini zina maelfu ya watu. Padre hawezi kujua kwamba chumba cha mwisho kuna mtu ana homa siku ya tatu. Nyumba ya mwembe inaweza.

Halafu fikirieni Bagamoyo, kilometa zipatazo 70 kaskazini mwetu. Vijana wengi mmewahi kwenda kule kwa hija. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar na kuanza misheni mwaka 1868, na waamini wake wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa kutoka utumwani. Walitoka bara, makabila mbalimbali, wengi wakiwa watoto walipochukuliwa. Njia ya kurudi kwao hawakuijua tena. Waliokua na kuoana walipewa nyumba na mashamba katika kijiji kilichoitwa Kijiji cha Uhuru. Yaani Kanisa la pwani yetu lilianza na watu waliohamishwa kwa nguvu, waliojenga na kupanda palepale. Mbuyu uliopandwa pale misheni mwaka ule wa 1868 bado umesimama. Sisi tuliokuja wenyewe kwa basi, tena tumekata tiketi, tunashindwa hata kununua kikombe cha pili!

Ukihamia, mambo ni mepesi kuliko unavyodhani. Kabla hujaondoka nyumbani omba barua ofisi ya parokia. Kama ulishaondoka, mzazi au katekista anaweza kukuombea. Ukifika, usianze na ofisi. Muulize jirani, hata asiye Mkristo, Wakatoliki wa mtaa huu wanasali wapi Jumamosi. Hapa Dar jumuiya nyingi husali alfajiri kabla watu hawajaenda kazini. Barua mpe mwenyekiti, atakuongoza mengine, pamoja na VIWAWA kama unataka kukaa na vijana wenzako. Na kwenye simu yako, namba ya ndugu wa karibu iandike pia kwenye karatasi, umpe mwenye nyumba. Hili la mwisho haliko kwenye Yeremia, ni langu.

Mimi nilikwenda Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na bahasha yangu imekunjamana inanuka nondo za dawa ya mende. Katibu akaisoma kwa sauti mpaka kwenye tarehe, akasimama. "Huyu katoka Mbinga kwa miguu?" Watu wakacheka mpaka mtoto mmoja akaamka. Kisha akaandika jina langu kwenye daftari, majina yote matatu.

Zamu ya kusali kwangu ilifika mwezi wa saba. Sikuwa na viti, nilikuwa na kimoja. Usiku wa Ijumaa mama mwenye nyumba akanipitishia mikeka miwili na viti vinne vya plastiki, na wa chumba cha tatu akaleta vikombe. Chumba hakikutosha, tukasalia barazani. Nia ya kwanza tuliyoomba ilikuwa ya Fundi, kwa jina lake la ubatizo, ambalo sasa nalijua. Ya pili niliitoa mimi, kwa ajili ya Mbagala. Sikuwahi kuiombea kabla ya siku ile, na nilibabaika, sikujua nianzie wapi, nikaanza na maji na LUKU.

Nilipokuwa narudisha mikeka, mama mwenye nyumba akauliza, "Wiki ijayo ni kwa nani?" Nikamwambia ni nyumba ya jirani na msikiti.

"Basi viti acha hapo hapo barazani," akasema. "Watavipitia."