Kila Kazi na Mwanga Wake: Mafunzo Niliyopata Nikipiga Picha Bujumbura

Vijana wanaopita studio kwangu hapa Buyenzi huniuliza karibu wote swali moja. Wameshazijua picha za paspoti na za harusi, sasa wanataka kuingia kwenye mandhari, kwenye ngoma, kwenye habari, kwenye picha za watu wakiwa kazini, na wanataka kujua wanunue lenzi gani. Njia hiyo nimeipita mimi pia. Nilianza na paspoti, nikaenda kwenye harusi, kisha nikatoka nje ya ukumbi. Wadogo zangu, lenzi mlizo nazo zinatosha. Kilichonichukua miaka kukielewa ni kwamba kila kazi ina mwanga wake, na wanaoifanya kazi hiyo kila siku wanaujua mwanga huo kabla mpiga picha hajafika.

1. Saa sita, tafuta ukuta

Bujumbura iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini. Kivuli cha mtu kinaishia chini ya viatu vyake na macho yanageuka mashimo mawili meusi. Harusi nayo haingoji. Watu wametoka komini kufunga ndoa ya serikali, wako njiani kwenda kanisani, na picha ya familia inatakiwa saa hiyohiyo.

Aliyenifundisha la kufanya ni mama mmoja mshonaji wa mtaani kwetu. Kila siku nilimwona akihamisha cherehani yake barazani kadiri saa zilivyosogea, nikidhani anakimbia joto. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba anatafuta mahali ambapo uzi mweusi unaonekana juu ya kitambaa cheusi. Saa sita mahali hapo palikuwa ndani ya kivuli cha baraza, akitazamana na ukuta mweupe wa nyumba ya pili uliopigwa na jua. Harusi iliyofuata nilimweka bibi harusi mahali kama pale, mgongo kwenye giza la mlango, uso kwenye ukuta. Nilishangaa. Uso mzima ulienea mwanga laini na macho yakapata nuru.

Tangu hapo silipigi vita jua la saa sita. Nalitafutia kitu cha kugonga kwanza kabla halijamfikia mtu: ukuta mweupe, sakafu ya saruji, shuka linaloshikwa na mashangazi wawili. Ila chunga rangi ya kitu hicho. Udongo mwekundu unapeleka wekundu chini ya kidevu, majani yanapeleka ukijani, na turubai la buluu la sherehe linawafanya wageni wote waonekane wagonjwa.

2. Kipimo cha kamera hakiijui ngozi yetu

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya, ni kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye picha, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso zinazama. Nililijua hilo kwa maneno, lakini siku moja Ngagara, katika pilikapilika za harusi, nilikiamini kipimo. Bibi yake bwana harusi alikuwa amekaa pembeni mwa gauni lile, amevaa vazi lake zuri la imvutano. Gauni lilitoka na kila uzi wake. Uso wa bibi ulikuwa kivuli kitupu. Baadaye, alipofariki, familia ilikuja kuomba picha hiyo ikuzwe, na sikuwa na uso wa kuwapa.

Shida hii ina historia ndefu kuliko kamera zetu. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilizipelekea maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu. Ziliitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyeichunguza habari hii, anaeleza kwamba walalamikaji waliosikilizwa mapema walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutofautiana kwenye filamu. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kila ninapoikumbuka habari hiyo nahisi uchungu, kwa sababu albamu za wazazi wetu zimejaa nyuso zilizopotea hivyo.

Kwa hiyo pima mwanga usoni kwa mtu, acha gauni lijitegemee. Na ujue kwamba ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao kuliko kivuli. Mkaribishie mtu mwanga mpana kutoka ubavuni, mlango ulio wazi au dirisha, na utaona paji la uso na shavu vikijitokeza vyenyewe. Flashi ndogo iliyomwelekea mtu moja kwa moja inaacha kitone cha jasho kwenye pua na hakuna kingine. Igeuze ielekee dari, kama dari ni nyeupe.

3. Dirisha la vitabuni si dirisha la hapa

Vitabu vya Ulaya vinamshauri mpiga picha atumie dirisha linaloelekea kaskazini, kwa sababu kwao jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, na mwanga wa kaskazini hautikisiki. Niliufuata ushauri huo bila kuutilia shaka, na kila mwezi wa Juni jua liliingia hadi mezani.

Bwiza kulikuwa na mzee mwenye studio ya siku nyingi. Alikuwa na viti viwili, kila kimoja mbele ya dirisha lake, na mteja alipewa kimoja tu bila kuulizwa. Nilipotaka kujua sababu, alinionyesha kwa mkono: hiki cha kiangazi, hiki cha mvua. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu jua la mchana hupita kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha linahamia kusini. Juni na Julai dirisha tulivu ni la kusini, Desemba na Januari ni la kaskazini. Umeme ulipokatika mzee huyo aliendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Alikuwa katika ukoo mkubwa: Seydou Keïta wa Bamako, ambaye picha zake za watu zinatundikwa leo katika makumbusho ya dunia, alizipiga nyingi uani kwake kwa mwanga wa mchana.

4. Milima inalificha jua kabla ya kalenda

Ukitaka mandhari, usitegemee programu ya simu inayokutajia saa ya machweo. Mbele yetu, ng'ambo ya ziwa, kuna milima ya Kongo inayopanda juu ya Uvira, na jua linajificha nyuma yake mapema kuliko inavyoandikwa. Ule mwanga wa dhahabu unakatika ghafla. Asubuhi ni hivyohivyo, maana vilima vya mashariki vinalichelewesha. Fika mapema, halafu usifunge begi jua likizama, kwa sababu mawingu juu ya Tanganyika hushika rangi baadaye. Julai na Agosti ukungu wa vumbi na moshi unaweza kuifuta ng'ambo yote. Ukitaka milima yenye kingo kali, ngoja mvua kubwa ipite.

5. Wavuvi wa ndagala walinifundisha giza

Hakuna watu Bujumbura wanaoujua mwanga kuliko wavuvi wa ndagala, dagaa wa Tanganyika. Mwanga ndio chambo chao. Mitumbwi miwili inafungwa sambamba, taa zinaning'inizwa juu ya maji, vidudu vidogo vya ziwani vinaufuata mwanga, ndagala wanavifuata vidudu, na wavu uliotegwa chini unainuliwa. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi wengi wana taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Mwezi ukikaribia kujaa wanapumzika na kushona nyavu, kwa sababu mwanga unatapakaa ziwa zima na samaki hawana sababu ya kuja taani.

Niliomba kwenda nao usiku usio na mwezi. Nilibeba flashi, tochi ya kichwani na stendi ya miguu mitatu. Stendi haikufaa kitu, kwani chombo kinayumba muda wote. Nilipowasha tochi nione vitufe vya kamera, kiongozi wao aliniita kwa upole: "Mzee, zima hiyo. Taa zikiwa mbili, samaki hawajui waende wapi."

Nilizima. Nikakaa gizani mpaka macho yakazoea, na hapo nikaona kilichokuwepo tangu mwanzo: taa moja, maji yanayourudisha mwanga wake kutoka chini, mikono inayovuta kamba, na uso unaoingia na kutoka kwenye duara la nuru. Nilipandisha wepesi wa kamera wa kupokea mwanga, nikapima kwenye uso uliokuwa karibu na taa, nikaacha mengine yote yawe meusi. Chengachenga za picha ziliongezeka na sikujali. Mpaka leo nazipenda picha zile kuliko zote nilizopata kwa taa za studio.

Nilizoea kujaza kila kona mwanga, kwa hofu kwamba mteja atauliza kwa nini hapa pako giza. Wavuvi waliniondolea hofu hiyo. Jicho la mtazamaji nalo, ukiliwekea taa mbili zenye nguvu sawa, halijui liende wapi. Chagua taa moja iwe ndiyo kubwa, nyingine zinyamaze. Niliipeleka kanuni hiyo kwenye ukumbi wa harusi, nikawaomba wazime taa za dari wakati wa keki, na wateja wakaanza kunitafuta kwa ajili ya picha hizo.

6. Kwenye ngoma, zunguka

Ngoma za Burundi ziliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2014, na Gishora, karibu na Gitega, ndiko wengi wanakokwenda kuzipiga picha. Ngoma hupangwa nusu duara kuizunguka ngoma iitwayo inkiranya iliyo katikati, na idadi yake haigawanyiki kwa mbili. Wageni wote husimama kwenye uwazi wa nusu duara na kupata picha moja ileile. Mpigaji mmoja wa zamani alinishika bega akanipeleka upande wa pili, jua la alasiri likiwa nyuma ya wachezaji. Vumbi likawaka, jasho likawaka. Kuhusu kasi, sehemu moja ya elfu ya sekunde inamgandisha mtu hewani, lakini moja ya mia inaacha fimbo zifute hewa, na mimi ninasikia mdundo zaidi kwenye hiyo ya pili.

7. Mwanga mzuri unaweza kudanganya

Mto Rusizi ulipofurika mwaka 2020 na kuingia Gatumba, na tena mwaka 2024 ziwa lilipopanda, niliitwa na watu waliotaka picha za habari. Mara ya kwanza nilikwenda jioni, kama nilivyozoea kwa maharusi wanaotaka picha za pwani. Maji yaliyosimama kati ya nyumba yaliakisi anga la rangi ya chungwa. Zilikuwa picha za kupendeza mno. Baba mmoja aliyepoteza nyumba alizitazama kwenye kioo cha kamera, kisha akaniuliza kwa utulivu hapa ni wapi.

Sikuzipeleka. Nilirudi kesho yake saa tatu asubuhi, nikamwomba anionyeshe maji yalipofikia. Kulikuwa na mstari wa tope kwenye ukuta wa chumba cha watoto, juu ya kimo cha kitanda. Jua likiupiga ukuta kutoka ubavuni, kila chembe ya tope inaonekana, na mtu akisimama kando ya mstari huo hakuna haja ya kueleza kina. Ndiyo picha niliyoipeleka, baada ya yeye kuikubali. Kwa kazi ya namna hii andika tarehe na jina la mtaa kwenye kila faili usiku uleule, na mwachie mwenye nyumba nakala iliyochapishwa. Maji yakishuka ukuta unapakwa rangi upya, na siku akiulizwa na ofisi yoyote alipoteza nini, karatasi hiyo ndiyo atakayoishika mkononi.