Dondoo muhimu: Mafuta ya samaki kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio

Daktari akishakuambia mapigo yako yanakwenda ovyo, usimeze vidonge vya mafuta ya samaki kwa sababu tu jirani kavisifia. Vinauzwa bila cheti, lakini dozi kubwa huweza kufanya vyumba vya juu vya moyo vitetemeke badala ya kudunda. Katika utafiti wa REDUCE-IT, uliotangazwa 2018, waliopewa gramu 4 kwa siku za dawa iliyosafishwa ya omega-3, kiini cha mafuta ya samaki, walilazwa kwa tatizo hilo na jamaa zake asilimia 3.1, wenzao ambao hawakupewa, asilimia 2.1.

Geuza kopo. Mbele pameandikwa miligramu 1,000. Nyuma, kwa maandishi madogo, mara nyingi utakuta EPA 180 na DHA 120. Omega-3 yenyewe ni hizo 300 tu. Jumlisha unazomeza kutwa nzima, kisha nenda na kopo lenyewe kliniki, usitegemee kumbukumbu. Kama uliandikiwa na daktari, usiache kabla ya kuzungumza naye.

Unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda? Waambie kliniki kabla ya kuanza vidonge hivi, wapange kupima damu.

Moyo ukipapatika, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu kwa sekunde 60, uandike. Ukibanwa kifua, ukiishiwa pumzi au ukizimia, acha kuhesabu: hospitali mara moja.

Dagaa na vibua vya mezani ni habari nyingine. Hivyo endelea kula.