Dada, uliza maswali haya sita kabla ya kupanda ndege

WANAWAKE wengi wa Kenya huondoka nchini kila mwaka kwenda kutafuta kazi, masomo au ndoa katika nchi za kigeni. Wengi wao husafiri peke yao. Swali ambalo karibu kila mmoja huuliza ni mshahara utakuwa kiasi gani. Swali ambalo wachache huuliza ni hili: Je, nikiugua, nikipigwa au nikibakwa huko, ni nani atakayenisaidia?

Swali hilo si la polisi na mawakili pekee. Ni swali la afya. Mnamo 2021 wabunge walielezwa kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili hivi, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa nyumbani. Sababu iliyotajwa mara nyingi ni kwamba moyo ulisimama.

Lakini daktari yeyote atakuambia kwamba kusimama kwa moyo pekee hakuelezi kifo. Kila mtu anapokufa, moyo wake husimama. Linalotakiwa kujulikana ni kilichousimamisha: ugonjwa, uchovu, kipigo au kukosa matibabu.

Ni kweli kwamba wengi huenda, wakafanya kazi na kurudi salama. Hata hivyo, usalama si bahati nasibu. Leo tutajifunza jinsi mwanamke anayesafiri peke yake anavyoweza kuipima nchi kabla ya kuichagua.

Nchi salama kwa nani?

Kuna orodha zinazochapishwa za nchi zenye amani. Katika ile ya amani duniani, Iceland imekuwa ya kwanza tangu 2008. Katika orodha ya hali ya wanawake iliyotolewa 2023, Denmark iliongoza na Afghanistan ikashika mkia.

Orodha hizi zina faida, lakini hupima wastani wa nchi nzima. Katika orodha hiyo ya wanawake, Milki za Kiarabu iliongoza nchi za Kiarabu. Na kwa kweli barabara za Dubai usiku ni tulivu. Lakini utulivu wa barabara unamfaa nini yaya ambaye haruhusiwi kutoka langoni?

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa kusudi duniani. Kati yao, karibu 51,100 waliuawa na waume, wapenzi au jamaa zao. Hii ina maana kwamba hatari kubwa mara nyingi haiko gizani barabarani bali iko ndani ya nyumba. Kwa hivyo, usiulize tu kama nchi ni salama. Uliza nitalala chini ya paa la nani, na ufunguo wa mlango utakuwa na nani.

1. Viza yangu imefungwa kwa nani?

Hili ndilo swali la kwanza. Katika nchi nyingi za Ghuba kuna utaratibu uitwao kafala, ambapo kibali chako cha kuishi kinategemea mwajiri wako, yaani kafili. Ukimkimbia kwa sababu anakutesa, unaweza kuripotiwa kuwa mtoro na kukamatwa wewe.

Mambo yamebadilika katika baadhi ya nchi. Mwaka 2020, Qatar iliondoa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri ili kubadilisha kazi. Saudi Arabia ililegeza masharti mnamo Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakujumuishwa katika mabadiliko hayo.

Uliza vivyo hivyo ikiwa unaenda kuolewa. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1994 humruhusu mke anayedhulumiwa na mume aliye raia kujiombea kibali mwenyewe bila mume kujua. Uingereza nayo ina utaratibu wa kuwasaidia wake walioingia kwa viza ya ndoa na ndoa hiyo ikavunjika kwa sababu ya dhuluma. Ujue haki hiyo kabla ya harusi, maana siku ya kipigo huwa hakuna nafasi ya kusoma sheria.

2. Je, sheria ya huko inaitambua kazi yangu?

Katika nchi nyingi, sheria za kazi hulinda wafanyakazi wa viwandani na maofisini lakini huwaacha nje wale wa nyumbani. Mwaka 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba nambari 189 wa kuwalinda, lakini nchi nyingi hazijautia sahihi.

Kuwait ilitunga sheria ya wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2015, na Qatar mwaka 2017. Zote mbili zinampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika kila wiki. Ujerumani, wasichana wanaokwenda kukaa na familia na kusaidia kulea watoto huku wakijifunza lugha hawapaswi kufanya kazi zaidi ya saa 30 kwa wiki, na familia ndiyo inayowalipia bima.

Kwa nini hili liwe jambo la afya? Kwa sababu mwili usiopata usingizi wa kutosha huharibika. Shinikizo la damu hupanda, kinga hupungua, na mtu hujikata au kujichoma jikoni kwa uchovu. Hakikisha kwamba saa za kazi na siku ya mapumziko zimeandikwa kwenye kandarasi, katika lugha unayoisoma. Ahadi ya mdomo haiponyi mtu.

3. Nikiugua, ni nani atakayelipa?

Usikubali jibu la 'utashughulikiwa'. Uliza bima ni ya kampuni gani, inagharamia nini, na kadi itakuwa mkononi mwa nani. Uliza pia kama utaruhusiwa kwenda hospitalini peke yako. Mwanamke ambaye mwajiri wake ndiye anayemtafsiria kwa daktari hawezi kueleza kwamba alama za mgongoni zilitokana na mwajiri huyo huyo.

Uingereza, watu wengi wanaoomba viza ndefu hulipa ada ya afya kabla ya kusafiri. Tangu Februari 2024 ada hiyo imekuwa pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi. Ni pesa nyingi, lakini ukishalipa unatibiwa katika hospitali za umma kama wenyeji.

4. Vipimo na dawa zangu vinakubaliwa?

Anayeenda Ghuba kufanya kazi hupimwa kwanza hapa nyumbani: virusi vya Ukimwi, homa ya ini, kaswende, kifua kikuu kwa eksirei ya kifua, na mimba kwa wanawake. Anayepatikana na virusi vya Ukimwi kwa kawaida hanyimwi dawa hapa nchini, lakini atanyimwa kibali cha kuishi huko. Marekani iliondoa kizuizi kama hicho mnamo Januari 2010.

Ikiwa unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi, usiziache kamwe ili 'usafishe' damu. Dawa zikiachwa, virusi huongezeka na huenda vikawa sugu. Ni afadhali ubadilishe nchi kuliko kuhatarisha maisha yako.

Chunga pia mkoba wako. Tembe za maumivu kama tramadol na zile zenye kodeini zinadhibitiwa vikali katika Milki za Kiarabu na nchi nyingine. Mwaka 2017, mwanamke mmoja Mwingereza alifungwa miaka 3 Misri kwa kuingia na tembe za tramadol. Miraa nayo imepigwa marufuku Uingereza tangu Juni 2014. Beba dawa katika pakiti yake, pamoja na barua ya daktari, na uulize ubalozi wa nchi hiyo kwanza.

5. Nikibakwa au nikipata mimba, itakuwaje?

Ni swali gumu, lakini liulize. Katika nchi kadhaa za Ghuba, kufanya mapenzi nje ya ndoa kunaweza kumfikisha mtu mahakamani. Mwanamke mwenye mimba asiye na cheti cha ndoa huogopa kwenda kliniki, hujificha, na wakati mwingine hujifungua bila mkunga. Hata aliyebakwa huhofia kwamba akipiga ripoti atageuzwa mshtakiwa.

Kumbuka muda. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya kubakwa lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Tembe za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku 5, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Nchi iliyo salama kwako ni ile ambayo unaweza kuingia hospitalini ndani ya muda huo bila kuogopa pingu. Uingereza, kwa mfano, kuna vituo maalumu vinavyowahudumia waliobakwa hata kama hawataki kwenda polisi.

Kabla ya kusafiri, zungumza na muuguzi kuhusu njia za kupanga uzazi. Sindano ya kawaida hukaa miezi 3, na vijiti vya mkononi hukaa miaka 3 hadi 5. Hata hivyo, njia hizi hazizuii magonjwa ya zinaa.

6. Mwili na akili yangu vitastahimili?

Joto la Ghuba wakati wa kiangazi hupita nyuzi 45. Wengi basi hukaa ndani miezi nenda miezi rudi, bila jua. Huko Ulaya ya kaskazini shida ni kinyume: wakati wa baridi jua huonekana saa chache tu. Mwili huhitaji jua ili kutengeneza vitamini D ya kuimarisha mifupa, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Wakuu wa afya wa Uingereza hushauri watu weusi wafikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini hiyo kila siku mwaka mzima.

Upweke nao ni mzigo. Ukikosa usingizi, ukapoteza hamu ya chakula, ukalia bila sababu na kuona maisha hayana maana kwa zaidi ya wiki mbili, huo si uvivu wala kurogwa. Ni ugonjwa, na una tiba. Ukianza kufikiria kujiua, mwambie mtu siku hiyo hiyo.

Hatua za kuchukua sasa

Hakikisha wakala wako amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Acha nakala ya pasipoti, viza na kandarasi kwa mtu unayemwamini. Jiandikishe na ubalozi wa Kenya ukifika. Weka kando nauli ya kurudi ambayo hakuna mtu mwingine anayeijua. Kariri nambari ya dharura: 112 katika Muungano wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada.

Mwisho, pangeni neno la siri na mama au dada yako. Pigeni simu siku moja maalumu kila wiki. Ukisema 'nisalimie shangazi Rebeka' na nyinyi hamna shangazi wa jina hilo, basi watajua una taabu hata kama mwajiri amesimama kando yako akisikiliza.

Na wewe mzazi unayesoma haya, usimwambie binti avumilie tu kwa sababu ya pesa anazotuma. Akikuambia anaumwa, mwamini. Mshahara hutafutwa tena, lakini uhai ukipotea haurudi.