SOMO LA AFYA: Gegedu la goti likiharibika, seli za kulitengeneza zitatoka wapi?

Wengi wetu tunaobeba kuni, ndoo za maji na mizigo ya bandarini hapa Rubona tunaumwa magoti. Wengine mmeuliza kama ni kweli kwamba goti linaweza kupandikizwa seli mpya. Tujifunze pamoja.

Gegedu ni nini?
Ni kile kitu cheupe chenye kuteleza kinachofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Ukinunua mguu wa mbuzi utakiona. Hakina mishipa ya damu, ndiyo maana kikichimbika hakiponi kama ngozi.

Seli zinatoka wapi?
1. Gotini mwako. Mwaka 1994 madaktari wa Göteborg, Uswidi, walieleza jinsi walivyotibu wagonjwa 23. Walikata kipande kidogo cha gegedu zima, wakakuza seli zake maabara kwa wiki kadhaa, kisha wakazirudisha penye shimo. Ugumu wake: mgonjwa hupasuliwa mara mbili, na seli zikikuzwa mno husahau kazi yake na kutengeneza kitu kama kovu.
2. Puani. Madaktari wa Basel, Uswisi, walitumia gegedu la pua kwa wagonjwa 10 na kutoa matokeo mwaka 2016.
3. Uboho wa mifupa na mafuta ya mwili. Humo mna seli changa zinazoweza kugeuka gegedu, lakini huweza pia kugeuka mfupa.
4. Damu ya kitovu cha mtoto mchanga. Korea Kusini iliruhusu tiba hiyo mwaka 2012.

Jihadharini
Kazi hii inahitaji maabara na upasuaji. Anayekuuzia sokoni vidonge au sindano ya "kuotesha gegedu" anakudanganya. Usiuze mgao wa watoto kwa ajili yake.

Tufanye nini?
- Gawa mzigo, beba safari mbili.
- Imarisha misuli ya paja: kaa, nyoosha mguu, hesabu hadi 5, ushushe. Rudia mara 10 kila mguu.
- Mwenye uzito mwingi apunguze.
- Goti likivimba ghafla, likawa la moto, pamoja na homa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo hula gegedu kwa siku chache tu, na gegedu lililokwisha halirudi kirahisi.

Mwenye swali amwone mhudumu wa afya wa mtaa wake.