Dondoo muhimu: Kupanda Mlima Biokovo, Kroatia

Beba maji kutoka mji wa Makarska, chini ya mlima, angalau lita 3 kwa kila mtu. Mlima huu ni wa mawe ya chokaa: mvua hupotelea kwenye nyufa na mapango, hivyo usitegemee kukuta kijito njiani. Kiangazi anza alfajiri, kwani vivuli ni haba na kilele cha Sveti Jure kiko mita 1,762 juu ya usawa wa bahari. Bura, upepo baridi wa kaskazini-mashariki, ukivuma, ahirisha safari bila kusita. Dharuba zake zaweza kukuangusha ukingoni. Vaa buti zinazofunika vifundo. Usitie mkono kwenye mawe kabla ya kutazama: nyoka mwenye kipembe puani ana sumu kali. Ukibahatika kuona kondoo-mwitu aina ya mufloni, simama kimya, usimfuate.