Rimoti ya Gari Inapopungukiwa Umbali: Somo kwa Madereva na Mafundi



Somo letu la leo linahusu kifaa kidogo ambacho kila dereva wa siku hizi anacho mfukoni: rimoti ya kufungia na kufungulia milango ya gari, ambayo wengi hapa Kamembe huiita telekomandi. Gari likiwa jipya, rimoti hufanya kazi dereva akiwa mbali, hatua thelathini au arobaini. Miaka ikipita, umbali hupungua kidogo kidogo, hata mwishowe dereva analazimika kusimama mlangoni na kubonyeza mara tano.

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la wenye magari yao tu. Dereva wa pikapu ya shamba la chai, au wa gari linalopeleka vipuri kiwandani Bugarama, ndiye anayeulizwa kwanza mzigo ukipotea. Akijibu kwamba alibonyeza na mlango haukufunga, maneno yake matupu hayatamsaidia. Kwa hiyo yafaa ajue kifaa hicho kinafanyaje kazi, kinaugua vipi, na ni matengenezo gani anayoweza kuyafanya mwenyewe.

Gari la kwanza kuuzwa likiwa na rimoti ya milango lilikuwa Renault Fuego la Ufaransa, mwaka 1982. Rimoti ile ilitumia mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti ya televisheni, na ilibidi ielekezwe kwenye gari. Za leo hutumia mawimbi ya redio. Ndani yake mna kitumaji kidogo sana, na ndani ya gari mna kipokezi kinachosikiliza mchana na usiku. Nguvu ya kitumaji ni ndogo mno: huko Ulaya sheria hairuhusu kuzidi miliwati 10, yaani sehemu moja ya mia ya wati. Balbu ya wati 60 hutumia nguvu mara elfu sita ya hiyo. Basi tusishangae kwamba kizuizi kidogo tu hutosha kuidhoofisha sauti ya rimoti. Tushangae kwamba inasikika kabisa.

Tuanze na betri, maana ndiyo yenye makosa mara nyingi. Rimoti nyingi hutumia betri bapa ya mviringo mfano wa kifungo cha koti, iliyoandikwa CR2032. Tarakimu hizo zina maana: 20 ni milimita za upana, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Betri ya CR2025 ni nyembamba zaidi, milimita 2.5, ukiitia mahali pa CR2032 huenda isiguse vizuri, nawe ukailaumu rimoti bure. Volti zake ni 3. Hapa mafundi wengi hudanganyika. Huitoa betri, huipima kwa mita, mita huonyesha karibu 3, nao husema betri ni nzima. Lakini betri iliyochoka huweza kuonyesha volti zake zote ikiwa imepumzika, kisha ikaanguka mara inapotakiwa kutoa umeme, kwa sababu ukinzani wa ndani yake umeongezeka. Baridi huzidisha ugonjwa huo. Ndiyo maana rimoti inayofanya kazi Bugarama kwenye joto hukataa alfajiri katika msitu wa Nyungwe. Kama betri ina miaka miwili au mitatu, badilisha kwanza, mabishano yaje baadaye.

Unapobadilisha, ishike pembeni, usiichafue kwa vidole vyenye grisi. Tazama zile ndimi za chuma zinazoigusa: kama zimelala, ziinue taratibu, kama zimeota kutu kwa jasho na unyevu, zisugue kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti, kisha ziache zikauke. Rimoti iliyoanguka mara nyingi huweza kuwa imeachia lehemu, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu.

Na betri uliyoitoa usiiache mezani nyumbani. Mtoto mdogo akiimeza na ikakwama kooni, huweza kumuunguza vibaya ndani ya muda wa saa mbili tu. Ikitokea, mpelekeni hospitali wakati huo huo, msingoje kuona kama itatoka yenyewe.

Jambo la pili ni namna ya kuishika rimoti. Eriali yake ni kitanzi kidogo cha shaba kilichochapwa juu ya kibao cha saketi. Ukiifumbata kiganjani pamoja na fungu la funguo kumi za ghala, umeizungushia chuma na nyama pande zote. Itenge na funguo nyingine, ielekeze huku na huku, maana kitanzi kina upande ambao hakitoi sauti nzuri, kisha inua mkono juu. Kuinua si ushirikina. Karibu na ardhi, wimbi linalokwenda moja kwa moja hukutana na lile lililogonga ardhi na kurudi, nayo hupunguzana. Kwa sababu hiyo, pale ambapo hewani tupu ungehitaji nguvu mara nne ili kupata umbali mara mbili, karibu na ardhi huenda ukahitaji hadi mara kumi na sita. Kuinua mkono kunakupa bure kile ambacho betri haiwezi kukupa.

Kuna madereva wanaoweka rimoti chini ya kidevu wakabonyeza, na wenzao huwacheka. Wanaocheka ndio wasiojua. Kichwa cha mtu kimejaa maji yenye chumvi, na wimbi likipita humo, kichwa chenyewe huwa kama sehemu ya eriali. Mara nyingi hatua kadhaa huongezeka. Wala hakuna haja ya kuogopa afya yako kwa jambo hilo, maana simu unayoiweka sikioni hutoa nguvu kubwa kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe, na hapa twaomba mafundi wasikilize zaidi. Magari mengi yanayofanya kazi mashambani hayakutoka kiwandani na rimoti; yalifungiwa alamu baadaye. Kipokezi cha alamu hizo ni kisanduku cha plastiki chenye waya mmoja mwembamba unaoning'inia, usiounganishwa na kitu chochote. Mfungaji mwenye haraka huuona kama waya uliozidi. Huuviringisha, huufunga kwa utepe pamoja na nyaya nyingine, kisha husukuma kila kitu nyuma ya dashibodi, katikati ya vyuma. Waya huo ndio eriali. Mtu aliyefanya hivyo ameliziba gari masikio.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Tafuta kisanduku, kunjua waya, unyooshe, uupeleke juu kwa kuufuata mhimili wa kioo cha mbele, mbali na chuma na mbali na nyaya za umeme mkubwa. Usiukate, wala usiuongeze kwa kudhani kwamba mrefu ndio bora. Urefu wake kwa kawaida ni robo ya wimbi. Chukua 300, gawanya kwa megahezi za rimoti, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 433.92 wimbi ni kama sentimita 69, na robo yake ni sentimita 17 na kitu. Kwa megahezi 315 wimbi ni sentimita 95, na robo ni karibu 24. Kama waya ulikatika, fundi mwenye rula na hesabu hii anaweza kuurudisha.

Hesabu hiyo inatuhusu sana sisi wa mpakani. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya hutumia 433.92 kwa kawaida. Ya Japani na Marekani mara nyingi hukaa karibu na 315. Kwetu Rwanda tunaendesha kulia, na magari yetu yana usukani wa kushoto. Ukivuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu, utayakuta magari mengi ya usukani wa kulia yaliyotoka Japani, ingawa huko nako wanaendesha kulia. Basi rimoti iliyouzwa mezani sokoni, hata ikiwa na umbo lile lile na nembo ile ile, huenda ni ya masafa mengine kabisa, na hakuna betri wala kidevu kitakachoifanya isikike. Kabla ya kulipa, soma namba nyuma ya kibao chake.

Kwa gari lililotoka kiwandani na rimoti yake, usianze kubomoa. Kwanza ondoa kelele. Chaja ya simu ya bei rahisi iliyochomekwa kwenye kiwashio cha sigara, kamera ya kioo cha mbele, taa za LED zilizofungwa baadaye: vyote hivi huweza kutoa mngurumo wa redio unaomeza sauti ya rimoti. Vichomoe, ujaribu, uvirudishe kimoja kimoja. Tinti ya vioo iliyotiwa chembe za chuma nayo huzuia mawimbi. Na kama rimoti inakataa mahali pamoja tu, mathalani karibu na mnara mkubwa wa mawasiliano, lakini kwingineko inafanya kazi, basi rimoti haina kosa.

Wapo wanaouliza kama haiwezekani kuongeza nguvu ya kitumaji chenyewe. Inawezekana, lakini hatushauri. Mawimbi hapa nchini yanasimamiwa na RURA, na mtu hajipimii nguvu apendavyo. Zaidi ya hayo, sisi hatuoni faida. Rimoti nzima yahitaji umbali wa kutosha ili amri ifike bila shaka dereva akiwa karibu. Kufunga gari ukiwa ng'ambo ya barabara, mgongo umeugeuza, ndiko kunakowafurahisha wezi. Afrika Kusini wizi wa namna hii umeenea: mwizi hukaa karibu akiwa na kitumaji kingine cha masafa yale yale, hukibonyeza wakati ule ule unapobonyeza wewe, gari lisisikie. Unakwenda zako ukidhani umefunga. Katika foleni ya forodha Rusizi ya Pili, dereva na asimame hatua chache, asikilize kufuli zikigonga, aone taa zikiwaka, kisha avute kitasa kwa mkono.

Magari mapya zaidi yana ufunguo usiobonyezwa, unaotambuliwa ukiwa mfukoni. Kwa hayo umbali mrefu ni hatari kabisa: wezi wawili, mmoja karibu na mwenye ufunguo na mwingine karibu na gari, hurefusha mawimbi kwa vyombo vyao mpaka gari lidhani mwenyewe amefika. Ufunguo wa namna hiyo huhifadhiwa usiku ndani ya kopo la bati lenye mfuniko.

Betri ikifa kabisa njiani, usivunje kioo. Rimoti nyingi zina ufunguo wa chuma uliofichwa ndani yake. Na injini kwa kawaida itawaka, kwa sababu kile kidude kinachoruhusu injini kuwaka, ambacho Ulaya kililazimishwa kwa magari mapya tangu 1998, hakitumii betri hiyo. Hupata umeme wake kutoka kwenye koili iliyo karibu na swichi ya ufunguo. Kwa gari la kubonyeza kitufe, shikiza rimoti kwenye kitufe chenyewe ujaribu.

Zoezi la juma hili kwa kila kikundi: simamisheni gari uwanjani, pimeni kwa hatua ni wapi rimoti inaacha kusikika, mbele, nyuma na ubavuni, mkono ukiwa kiunoni na ukiwa juu. Andikeni hesabu hizo na tarehe katika daftari la gari. Rudieni kila baada ya miezi mitatu. Umbali ukishuka hadi nusu, dereva aombe betri au fundi kwa maandishi katika daftari lile lile, na msimamizi atie sahihi kwamba ameona.